Dk. Johnson: Daktari aliyegeuza uani kwake kuwa shule ya mabingwa

Atakayepita katika vitongoji vya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mbweni na Bunju kwa upande wa Kinondoni hadi Toangoma kwa upande wa Temeke, atakuta nyumba nyingi zilizojengwa katika maeneo yaliyopimwa tangu mradi wa viwanja 20,000 ulipoanza mwaka 2002. Ataona ukuta mrefu, geti la chuma, tangi la maji juu ya mnara, na nyuma ya nyumba kipande cha ardhi ambacho mwenyewe bado hajaamua akifanyie nini.

Wengine hupanda mipapai na migomba. Wengine hujenga vyumba vya kupangisha, na huo ndio uamuzi wa mwenye hesabu kali. Wachache, hasa wenye watoto, hufikiria kumwaga zege na kusimika goli la mpira wa kikapu, au, kwa aliyejaliwa nafasi kubwa, kuweka kiwanja cha tenisi.

Kwa kuwa maeneo mengi ya wazi mitaani yamevamiwa na majengo, na watoto wanacheza chandimu barabarani huku wakikwepa bodaboda, wazo hilo si la anasa kama linavyosikika masikioni mwa watu.

Aliyewahi kulitekeleza wazo hilo likatikisa dunia ni daktari mmoja Mmarekani mweusi, Robert Walter Johnson, aliyeishi katika mji mdogo wa Lynchburg, Jimbo la Virginia. Yeye hakujenga kiwanja nyumbani kwake kwa sababu ya fahari. Alikijenga kwa sababu viwanja vya mji vilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa watu weupe.

Johnson alizaliwa Aprili 16, mwaka 1899, mjini Norfolk, Virginia, akakulia Plymouth katika Jimbo la North Carolina. Zilikuwa zimepita miaka 34 tu tangu utumwa ukomeshwe nchini Marekani, na majimbo ya Kusini yalikuwa yakitunga sheria za kuwatenga weusi katika shule, treni, hospitali na hata makaburi.

Ujana wake haukuwa wa mtu mtulivu. Alipitia vyuo kadhaa kabla ya kutulia Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, ambako alivuma katika mpira wa miguu wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa kushika mpira mikononi na kugongana mabega. Kwa jinsi alivyokuwa akiwapita wapinzani, wenzake walimpa jina la Kimbunga. Jina hilo lilimfuata hadi uzeeni, wakati tayari alikuwa mganga mwenye koti jeupe na miwani.

Baada ya Lincoln alifundisha timu za vyuo, kisha akarejea darasani na kuhitimu udaktari mwaka 1932 katika Chuo cha Tiba cha Meharry, Nashville. Chuo hicho, pamoja na Howard cha Washington, ndivyo vilivyotoa sehemu kubwa ya madaktari weusi wa Marekani kwa miaka mingi, maana vyuo vingine vingi viliwafungia mlango.

Tenisi aliianza katika kipindi hicho cha mafunzo ya udaktari, akitafuta mchezo wa kuuweka mwili sawa baada ya kuachana na mpira. Mwanzoni aliudharau. Mtu aliyezoea kuangusha wanaume wenye kilo 90 hawezi kuona haraka uzito wa mchezo unaochezwa kwa mavazi meupe na adabu nyingi. Lakini alipoona kwamba nguvu peke yake haimpatii pointi, akaanza kuusoma kama alivyosoma vitabu vya tiba.

Katika miaka ya 1930 alihamia Lynchburg na kufungua zahanati. Baadaye akawa daktari wa kwanza mweusi kuruhusiwa kutibu katika hospitali kuu ya mji huo. Nyumba yake ilikuwa namba 1422, Mtaa wa Pierce. Katika mtaa huo huo, hatua chache kutoka kwake, aliishi Anne Spencer, mshairi aliyesifika kwa bustani yake kama alivyosifika kwa beti zake. Ni ajabu kidogo kwamba mtaa mmoja mfupi wa weusi ulikuwa na viunga viwili vilivyoingia katika historia, kimoja cha maua na kingine cha mipira.

Kando ya nyumba hiyo ndipo Dk. Johnson alipojenga kiwanja chake cha tenisi.

Ni vyema kueleza kazi hiyo ina ukubwa gani, kwa faida ya msomaji anayepima kwa macho uga wake wa nyuma. Mistari ya kiwanja cha tenisi inachukua urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97. Lakini mchezaji hachezi ndani ya mistari tu. Anahitaji nafasi ya kurudi nyuma na kukimbilia pembeni, hivyo eneo zima hufika kama mita 36.5 kwa 18.3. Hizo ni karibu mita za mraba 670. Katika maeneo mengi ya Kinondoni na Temeke kipimo hicho kinameza kiwanja kizima, na nyumba itabidi ijengwe hewani.

Kiwanja hutakiwa kilale kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na jioni lisimpige mchezaji usoni. Kwa Dar es Salaam kanuni hiyo ni rahisi kuifuata, kwani tuko jirani na mstari wa Ikweta na jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi bila kuhama sana mwaka mzima. Kinachosumbua ni maji. Uso wa kiwanja hupewa mteremko mdogo usioonekana kwa jicho, ili mvua ikinyesha maji yatoke. Asiyezingatia hilo, masika ya kwanza humwachia bwawa la vyura.

Kiwanja cha Dk. Johnson kilikuwa cha udongo. Udongo ni rafiki wa magoti, na huufanya mpira upunguze mwendo na kudunda juu, hivyo mtoto hupata muda wa kujifunza kupiga kwa mpangilio. Lakini udongo hautaki mtu mvivu. Hunyweshwa maji, husawazishwa kwa rola, hufagiliwa kila baada ya mchezo na mistari yake hurudishiwa upya. Dk. Johnson hakuajiri kikosi cha vibarua kwa kazi hiyo. Kazi walipewa watoto waliokuja kujifunza, na baada ya hapo walipalilia mawaridi yake na kukata michongoma.

Wapo waliodhani kwamba huo ulikuwa utumikishwaji. Yeye aliuona kama sehemu ya somo, na chakula, malazi na raketi alivitoa mfukoni mwake.

Wakati huo mchezo wa tenisi Marekani ulikuwa na nyumba mbili. Chama kikubwa cha taifa, USLTA, kiliwafungia weusi milango ya mashindano yake. Weusi nao walianzisha chama chao, ATA, mwaka 1916 mjini Washington, wakawa na ubingwa wao wa taifa kuanzia mwaka uliofuata. Mchezaji mweusi angeweza kuwa bora kuliko wote nchini na asijulikane nje ya mzunguko wa vyuo vya weusi na nyumba za madaktari.

Neno hilo, nyumba za madaktari, lina uzito wake. Katika miji mingi ya Kusini viwanja vya umma vilikuwa vya weupe tu. Mweusi aliyetaka kucheza alimtegemea daktari, mwalimu au mwenye biashara aliyekuwa na kiwanja nyumbani. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba hata hapa Dar es Salaam, enzi za ukoloni, Mwafrika aliingia Klabu ya Gymkhana akiwa mwokota mipira au mtumishi, si mchezaji.

Mwaka 1946 ubingwa wa ATA ulifanyika Wilberforce, Ohio. Katika fainali ya wanawake alishindwa msichana mmoja mrefu kutoka Harlem, New York, ambaye alikuwa ameacha shule, hana kazi ya kueleweka na hana subira. Jina lake Althea Gibson.

Watazamaji wengi walimwona kama aliyeshindwa. Dk. Johnson na rafiki yake, Dk. Hubert Eaton wa Wilmington, North Carolina, waliona kitu kingine. Wakakubaliana jambo ambalo leo lingeitwa mradi: wakati wa masomo binti huyo aishi kwa Dk. Eaton na kumaliza sekondari, na wakati wa kiangazi ahamie Lynchburg kwa Dk. Johnson, ambaye angempeleka kwenye mashindano.

Dk. Eaton naye alikuwa na kiwanja cha tenisi nyuma ya nyumba. Pasipo hicho Gibson asingekuwa na pa kufanyia mazoezi mjini Wilmington, kwa kuwa viwanja vya mji vilimkataza. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mustakabali wa mwanamke aliyekuja kuwa bingwa wa dunia ulitegemea nyua mbili za nyumba za watu, zilizoachana kwa safari ya saa kadhaa.

Gibson aliutwaa ubingwa wa ATA mwaka 1947 na kuushikilia miaka kumi mfululizo. Pamoja na Dk. Johnson mwenyewe, aliyekuwa na umri wa kuwa baba yake, alishinda mara kadhaa ubingwa wa wawili wawili mchanganyiko. Mwaka 1950, baada ya bingwa wa zamani mweupe, Alice Marble, kuandika barua kali katika jarida la mchezo huo kulaani ubaguzi, Gibson akaruhusiwa kuingia mashindano ya taifa ya Marekani, Forest Hills, akiwa mweusi wa kwanza.

Kilichofuata kinajulikana zaidi: ubingwa wa Ufaransa mwaka 1956, Wimbledon mwaka 1957 na 1958, na ubingwa wa Marekani miaka hiyo hiyo miwili.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Dk. Johnson hakuridhika, na sababu yake ilitoka Charlottesville, kama kilomita 100 kutoka kwake, ambako Chuo Kikuu cha Virginia kiliandaa mashindano ya taifa ya vijana wa sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwaendea waandaaji akaomba weusi waingizwe. Aliyekuwa akiongoza mashindano hayo alikubali, jambo ambalo kwa Virginia ya wakati huo halikuwa dogo.

Vijana wawili wakapelekwa. Wakatolewa raundi ya kwanza kwa kipigo cha aibu.

Daktari alitambua hapo kwamba kufunguliwa mlango ni jambo moja na kuwa na mtu wa kuupita ni jambo jingine. Vijana weusi hawakuwa na makocha, hawakuwa na mashindano ya watoto, na wengi walishika raketi wakiwa na miaka 15, wakati wenzao weupe walianza na miaka minane. Akaanzisha, chini ya ATA, mpango wa kulea vijana, na makao yake yakawa kiwanja cha nyumbani kwake.

Kila kiangazi watoto walifika kutoka majimbo mbalimbali, wakalala nyumbani humo na kula mezani humo. Walipiga mpira ukutani mamia ya mara kwa siku. Walipewa vipande vya mpini wa fagio wapigie mpira, ili atakaporudi kwenye raketi yenye uso mpana, mtoto auone mpira kama chungwa. Jioni waliketi mezani na kufundishwa namna ya kushika kisu na uma.

Kisha zilikuja kanuni, na hapa ndipo watu huanza kubishana hadi leo. Mtoto wa Dk. Johnson hakuruhusiwa kumbishia mwamuzi. Mpira wa mpinzani ukidondoka nje kidogo ya mstari, alitakiwa auhesabu kuwa umeingia. Wakati wa kubadilishana upande, alitakiwa aokote mipira na kumkabidhi mpinzani kwa heshima, na asirushe raketi hata akidhulumiwa mchana kweupe.

Kwa macho ya leo hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma: anayebaguliwa ndiye anayefundishwa adabu. Lakini Dk. Johnson aliijua Virginia yake. Alijua kwamba waandaaji wa mashindano walikuwa wakitafuta sababu moja tu, raketi moja iliyorushwa, neno moja la hasira, ili waseme weusi hawafai na kufunga mlango kwa miaka mingine kumi. Aliamua kutowapa sababu hiyo. Gharama ya uamuzi huo ilibebwa na watoto, na walioshindwa kuibeba walirudishwa makwao.

Mwaka 1953 aliletwa mtoto wa miaka 10 kutoka Richmond, mwembamba kiasi kwamba raketi ilionekana kumzidi uzito. Aliitwa Arthur Ashe. Mama yake alikuwa amefariki mwaka 1950, na baba yake alikuwa mlinzi na mtunzaji wa uwanja wa michezo wa weusi wa Brook Field, akiishi na familia yake ndani ya uwanja huo. Kwa maneno mengine, Ashe naye alikulia penye viwanja vya tenisi mlangoni. Alianza kufundishwa hapo na kijana aitwaye Ronald Charity, ambaye ndiye aliyempeleka Lynchburg.

Siku za mwanzo hazikuwa nzuri. Mtoto wa daktari, Robert, aliyesaidia kufundisha, alimwelekeza Ashe namna ya kushika raketi, naye akajibu kwamba mwalimu wake wa Richmond hakumfundisha hivyo. Daktari hakupandisha sauti. Alimpigia simu baba mtu, na Mzee Ashe akaendesha gari hadi Lynchburg, akamweleza mwanawe kwamba akiwa pale atamsikiliza Dk. Johnson na si mwingine. Suala likaisha, halikuibuka tena.

Kwa viangazi vilivyofuata hadi mwaka 1960, Ashe alirudi Mtaa wa Pierce. Alifagia kiwanja, akapalilia mawaridi, akasafiri kwa gari la daktari kutoka mashindano hadi mashindano, akila chakula kilichofungwa nyumbani kwa kuwa migahawa mingi ya njiani isingewahudumia. Richmond kwao hakuruhusiwa kucheza kwenye viwanja vya weupe vya Byrd Park. Mwaka wa mwisho wa sekondari ilibidi ahamie St. Louis, kwa mwalimu na kocha rafiki wa Dk. Johnson, ili apate ushindani na viwanja vya ndani wakati wa baridi.

Mwaka 1961 Ashe aliingia mashindano yale yale ya Charlottesville ambako vijana wa daktari walikuwa wameaibishwa miaka michache nyuma. Akatwaa ubingwa.

Mwaka 1963 akawa mweusi wa kwanza kuichezea Marekani Kombe la Davis. Septemba 1968 akaushinda ubingwa wa wazi wa Marekani, Forest Hills, viwanja vile vile alivyoingia Gibson mwaka 1950. Dk. Johnson alikuwa hai kuyaona hayo, akiwa na miaka 69.

Ule utulivu uwanjani uliomfanya Ashe asifiwe na magazeti ya weupe, ulimfanya pia alaumiwe na vijana weusi wa miaka ya 1960 walioona kwamba wakati wa adabu umekwisha na umefika wakati wa ngumi. Lawama hizo zilimuuma. Baadaye alikuja kupigania haki kwa namna yake, akidai Afrika Kusini ya kaburu itengwe michezoni na kukamatwa katika maandamano nje ya ubalozi wake mjini Washington.

Mwaka 1970 Ashe, akiwa na mchezaji mwenzake mweupe Stan Smith, alifanya ziara katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Katika ziara nyingine, mwaka 1971, akiwa Cameroon, alicheza na mtoto wa miaka 11 mjini Yaounde, akashangazwa na kipaji chake na kuwaarifu Wafaransa. Mtoto huyo, Yannick Noah, aliushinda ubingwa wa Ufaransa mwaka 1983.

Dk. Johnson hakuiona hiyo, wala hakuuona ushindi mkubwa kuliko yote wa mwanafunzi wake, ule wa Wimbledon mwaka 1975 ambapo Ashe alimpiga Jimmy Connors. Alifariki dunia Juni 28, mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 72. Ashe alifariki Februari 6, mwaka 1993; Gibson akafuata mwaka 2003. Mwaka 2009 daktari huyo aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Tenisi Duniani, ingawa hakuwahi kucheza hata mechi moja katika mashindano makubwa ya dunia.

Baada ya kifo chake nyumba ya Mtaa wa Pierce ilichakaa, na kiwanja, kilichokosa watu wa kukifagia, kikaota majani na miti. Mwaka 2002 nyumba hiyo iliandikishwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria nchini Marekani. Baadaye vichaka vilikatwa, uso wa kiwanja ukatengenezwa upya, wavu ukafungwa, na watoto wa Lynchburg wakaanza tena kuingia uani kwa daktari wakiwa na raketi mkononi.